Penseli, Haradali na Kadi Kuukuu

Anayenunua kadi kuukuu ya mechi ya besiboli, ile ambayo mtazamaji huandikia matokeo, huuziwa vitu viwili kwa bei moja: karatasi iliyochapishwa, na uzembe wa mtu asiyemjua. Karatasi ni ile ile kwa kila aliyekuwa uwanjani. Uzembe ndio haufanani. Yupo aliyeikunja mara nne akaikalia raundi zote tisa, yupo aliyeidondoshea haradali ya hotidogi, na yupo aliyeanza kuandika kwa bidii ya karani mpya, kisha ilipofika raundi ya tatu bia ikamzidi nguvu.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1887 Harry M. Stevens, Mwingereza aliyehamia Ohio, alinunua kadi uwanjani Columbus, akaigeuza huku na huku, asiambulie kitu. Badala ya kudai fedha yake aliomba haki ya kuuza kadi iliyo bora, akaijaza matangazo. Baadaye alikuwa akiwalisha watazamaji wa New York karanga na hotidogi. Kadi zilinunulika kwa sababu zilitaja majina, na wachezaji wa enzi hizo hawakuwa na namba mgongoni; timu za Yankees na Cleveland ndio walioanza kuzivaa kwa kudumu mwaka 1929. Ajabu ni kwamba mfanyabiashara yule yule aliyeuza kadi ndiye aliyeuza na haradali ya kuichafulia.

Kujaza kadi ni kazi ya mtazamaji mwenyewe. Kila mlinzi ana namba, 1 hadi 9, hivyo mpira ukiokotwa na wa 6, ukapelekwa kwa wa 4 na kumalizikia kwa wa 3, wapigaji wawili wametoka na kalamu imeandika 6-4-3. Mpigaji akishindwa kwa mapigo matatu huandikiwa K, alama inayohusishwa na Henry Chadwick, mwandishi wa habari mzaliwa wa Exeter, Uingereza. Na kama lile pigo la tatu limempita amesimama tu, gongo begani, K yake huandikwa kinyumenyume. Hakuna mchezo mwingine unaomwaibisha mtu kwa herufi moja namna hiyo.

Wachapaji waliweka safu za raundi chache tu zaidi ya tisa, wakidhani zinatosha. Mei 1, 1920, Brooklyn na Boston walicheza raundi 26, wakaachana 1-1 giza lilipoingia, na warushaji wawili walioanza, Leon Cadore na Joe Oeschger, ndio waliomaliza. Mwenye kadi hakuwa na pa kukimbilia ila pembezoni na juu ya matangazo. Pawtucket walifanya vibaya zaidi mwaka 1981: mechi yao na Rochester ilisimamishwa saa kumi na dakika saba alfajiri baada ya raundi 32, watazamaji 19 wakiwa bado wamekaa kwenye baridi. Iliisha Juni, raundi ya 33.

Si kila mtu ana roho ya kujaza kadi hadi mwisho. Phil Rizzuto, nyota wa Yankees aliyegeuka mtangazaji, alikuwa na alama yake binafsi, WW, maana yake hakuwa akitazama. Huyo alilipwa atazame!

Sasa mkusanyaji yuko njia panda. Wapo wanaotaka karatasi safi, isiyoguswa na penseli, na wao hulipa vizuri. Lakini klabu mara nyingi zilitumia toleo moja la programu, kijitabu chenye kadi ndani, kwa mechi kadhaa, na programu safi haiwezi kuapa ilikuwepo siku gani. Oktoba 8, 1956, mbele ya watu 64,519, Don Larsen wa Yankees aliwatoa wapigaji 27 wa Brooklyn bila hata mmoja kugusa kituo, jambo ambalo halijarudiwa tena katika fainali za World Series. Programu ya fainali zile isiyo na maandishi ni karatasi nzuri. Iliyojazwa siku ile ni ushahidi.

Ndipo walaghai wanapoingia, maana penseli ni rahisi na matokeo yako vitabuni. Mnunuzi mjanja hukimbilia kisanduku cha mwisho, cha Dale Mitchell. Mitchell alisimama pigo la tatu likampita, akabaki akimlalamikia mwamuzi. K iliyonyooka hapo huzua maswali. Tatizo ni kwamba hata mtazamaji wa kweli, mikono ikimtetemeka kwa furaha, angeweza kuiandika vibaya. Basi mnunuzi hujikuta akitafuta makosa, na akiyapata hajui afurahi au arudishiwe fedha.

Nyumbani vita huendelea. Pini za stepla hushika kutu na kuila karatasi, gundi ya utepe huacha mstari wa kahawia usiotoka, na bahasha za plastiki ya bei rahisi hutoa kemikali zinazoharibu kile kile zilichonunuliwa kukilinda. Wenye uzoefu hutumia bahasha za poliesta. Wenye familia hutumia poliesta na kufuli.

Kwa waliochoshwa na madoa kuna tiketi za mechi zisizowahi kuchezwa. Mwaka 1964 Phillies wa Philadelphia waliongoza ligi yao kwa mechi sita na nusu, zikiwa zimebaki 12. Tiketi za World Series zikachapwa. Wakapoteza 10 mfululizo, Cardinals wa St. Louis wakaenda badala yao, na tiketi zile, ambazo hazikumwingiza mtu popote, leo zinauzwa zikiwa safi kabisa.