Mjomba, Dagaa na Kiangazi cha Kigali

Mvua ikikatika Kigali mwezi Juni, wageni ndio huanza kunyesha. Wanateremka wa Brussels na Montreal na mabegi ya magurudumu, ambayo kwenye vilima vyetu na ngazi zake hubebwa kichwani kama matenga ya ndizi. Wanakuja wa Kampala, wanakuja wa Dar es Salaam. Harusi zinajaa kila Jumamosi. Shule zinafungwa, maana tangu mwaka wa masomo uanze kuhesabiwa kuanzia Septemba, likizo ndefu imeangukia Julai na Agosti. Serikali nayo haijabaki nyuma: tarehe 1 Julai ni Uhuru, tarehe 4 ni Ukombozi, Ijumaa ya kwanza ya Agosti ni Umuganura, sikukuu ya mavuno. Msimu huo mtu mwenye kitanda cha ziada hapa Nyamirambo hana pa kujificha.

Mimi ninacho. Kiangazi kimoja kitanda hicho kilichukuliwa na mjomba wangu wa Mwanza. Hakuniuliza kama naweza kumpokea. Aliniuliza kama huku tuna dagaa. Nikamwambia wapo, wanavuliwa Ziwa Kivu. Akasema hao si dagaa, akakata simu. Baada ya siku chache akapiga tena, yuko Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, na kuna tatizo.

Rusumo ni mahali pa kumvuruga mgeni hata asiye na tatizo. Unavuka daraja moja tu juu ya Mto Kagera; ukifika ng'ambo magari yanapita kulia badala ya kushoto, na saa inarudi nyuma kwa saa nzima. Kwa upande wa karatasi mambo ni mepesi, kwani tangu mwaka 2016 ofisi za mpakani za nchi zote mbili zinafanya kazi chini ya paa moja. Kwa Mjomba yalikuwa mepesi mpaka mzigo wake ulipofunguliwa. Dagaa wa Mwanza, kilo za kutosha msiba, walikuwa wamefungwa kwenye mfuko wa rambo, rambo lile ndani ya rambo lingine, na hilo ndani ya la tatu. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Tanzania ikafuata mwaka 2019. Kwa kifurushi kimoja mzee alikuwa amevunja sheria za nchi mbili.

Ofisa alikuwa mpole, tena mwenye heshima zake. Alichukua plastiki, akamrudishia dagaa. Sasa dagaa wasio na mfuko waende wapi? Mjomba alifungua begi, akatoa suruali ya suti yake ya Kaunda, akaifunga fundo miguuni, akamimina. Aliingia Kigali amepakata suruali iliyonona kama mtu aliyezirai. Abiria aliyekuwa jirani yake alihama siti kabla hata ya Kayonza.

Kuhusu saa, Mjomba alikuwa na msimamo. Saa yake ya mkononi aliinunua Mwanza na itasoma saa za Mwanza. Mto hauwezi kumbadilishia. Kwa hesabu za kawaida, mtu anayetembea Kigali na saa ya Tanzania anapaswa kuwahi kila mahali kwa saa nzima. Mjomba alifanikiwa kuchelewa kwa saa za nchi zote mbili.

Jumamosi ya mwisho ya Juni ikatukuta na Umuganda. Kwa wasioujua: Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, nchi nzima inashika jembe na fagio, maduka yanafungwa, barabara zinakuwa tupu. Unawahusu wenye miaka 18 hadi 65. Mjomba ana sitini na kitu. Asubuhi ile, alipoona majembe, akawa na sabini. Waliomwona wiki zilizofuata akicheza dansi wanadai alikuwa na arobaini.

Kazi ikiisha hufuata mkutano wa mtaa, na hapo ndipo kikundi chetu cha maigizo hupata watazamaji, maana hawana pa kukimbilia. Mada ya mwezi ule ilikuwa Mituweli, ile bima ya afya ya wananchi, ambayo mwaka wake unaanza tarehe 1 Julai na kila kaya inahimizwa iwe imelipa. Mimi nilikuwa mume mlevi anayekunywa pesa ya bima. Mke wangu alikuwa mama mmoja anayeuza vitenge, mwigizaji hodari wa kulia.

Inafaa msomaji ajue namna tunavyoandika michezo yetu. Nyamirambo ndiko Kiswahili kilikojikita tangu zamani katika mji huu, kwa hiyo tunachanganya. Maelezo, nasaha na salamu za viongozi ni kwa Kinyarwanda. Ulevi na matusi ni kwa Kiswahili. Mgawanyo huo sikuupanga mimi. Watu wanasema mlevi wa Kiswahili anachekesha zaidi. Mwaka 2017 Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda, nilidhani na mimi ningepanda cheo. Bado nacheza mlevi.

Basi Mjomba alikuwa amekaa kivulini chini ya mparachichi, mzee wa miaka sabini anayepumzika, na Kinyarwanda hakijui hata salamu. Sehemu zote zilizoeleza kwamba huu ni mchezo zilimpita juu. Alichokisikia ni mpwa wake, mbele ya mtaa mzima, akimwambia mwanamke kwa Kiswahili safi kwamba pesa yote imeishia baa na hakuna mtoto wa kupelekwa hospitali.

"Mjomba!" akaruka kutoka kwenye kiti. "Yaani umekuja ugenini kunywa dawa za watoto?"

Mimi sina mtoto hata mmoja, na yeye anajua. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, shikamoo, hebu kaa kwanza." Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu nilisema bado nikiyumba. Akanipokonya chupa, akainusa, akakuta maji, akatangaza kwamba hii ni pombe ya kisasa isiyo na harufu. Kisha akachomoa noti ya shilingi elfu kumi ya Tanzania, akamkabidhi "mke" wangu kwa mikono miwili na kumwomba radhi kwa niaba ya ukoo. Yule mama, kama nilivyosema, ni hodari. Akaipokea, akalia machozi halisi, akampigia goti. Watu wakapiga makofi mpaka kunguru wakahama mtini. Noti ile hajairudisha mpaka leo. Anasema ilikuwa sehemu ya mchezo.

Kiongozi wa mtaa, akifunga mkutano, alisema hajawahi kuona igizo lenye uhai kiasi kile, akaomba yule mzee apewe nafasi ya kudumu. Mimi malipo yangu niliyakuta butike. Nilikwenda kukopa sukari kama kawaida, muuzaji akanitazama kwa huruma akaniuliza, "Mituweli umeshalipa?"

Baada ya hapo Mjomba alijiona ameingia kwenye sanaa, akataka aone tamthilia zaidi. Nikampeleka Gisozi, kwenye tamasha la Ubumuntu, ambalo Hope Azeda wa kikundi cha Mashirika alilianzisha mwaka 2015 na hufanyika Julai, katika ukumbi wa wazi wa Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari. Mahali pale wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Kuhusu jioni ile sina la kuchekesha. Mjomba hakumkatiza mwigizaji yeyote, na njiani hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani.

Likizo lakini ni likizo, na likizo bila maji kwa mtu wa Mwanza si chochote. Tukapanga kwenda Rubavu, Ziwa Kivu. Tiketi tulikata mapema, basi la saa tatu kamili, kituo cha Nyabugogo. Kutoka nyumbani Mjomba alitaka tupande pikipiki moja sisi wawili na begi, mshikaki kama kwao Mwanza. Dereva wa moto, kama bodaboda zinavyoitwa huku, alicheka hadi akashuka kwenye chombo chake: abiria ni mmoja, na lazima avae helmeti. Tukatafuta moto ya pili. Helmeti ya kwanza ikambana Mjomba, ya pili ikamzama hadi puani, ya tatu akasema ina jasho la mtu. Tulipofika Nyabugogo zimebaki dakika tano, akaagiza chai. Nikamwambia basi linaondoka saa tatu. Akapuliza kikombe chake. "Mjomba, hakuna basi la saa tatu linaloondoka saa tatu."

Liliondoka saa tatu. Tuliliona mgongo, na mkono wa Mjomba ulikuwa bado una andazi. Tukakata tiketi nyingine, na safari hii alikaa kwenye siti nusu saa nzima kabla dereva hajafika, mkanda umefungwa, akiniangalia kana kwamba mchelewaji ni mimi.

Ni kilomita zipatazo 150, zote ni kona na milima. Mabasi yetu yamefungiwa kidhibiti mwendo, hayavuki kilomita 60 kwa saa hata yakiteremka. Mtu aliyezoea mabasi yanayokimbizana kwenda Shinyanga huona hii ni dhihaka. Mjomba alimsihi dereva "akanyage", mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa kumkumbusha kwamba kwao kuna daraja jipya la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, gari linapaa. Dereva akajibu kwa upole, "Mzee, kuna Sofia." Abiria wote wakaitikia: kuna Sofia. Mjomba akaniinamia akaninong'oneza, "Huyu Sofia ni mke wa nani, mbona mji mzima unamwogopa?" Sofia ni kamera ya mwendo kasi. Nilimwachia mpaka Musanze ndipo nikamwambia, maana nilikuwa napata raha.

Ziwani nako hakukosa maswali. Kivu haina mamba, na mtu wa Mwanza haamini maji yasiyo na mamba. Alikaa ufukweni akiyachunguza kwa mashaka. Kijana mmoja wa boti akamweleza kwamba chini kabisa ya ziwa kumejaa gesi ya methani, na huko Karongi inavutwa kutoka majini na kuzalisha umeme tangu mwaka 2016. Mjomba akaizima sigara yake taratibu, akaifukia mchangani, akasogea nyuma mita kumi.

Jioni wavuvi walitoka, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba huku wanapiga makasia. Na usiku tukaletewa sambaza, wale dagaa wa Kivu, wa kukaanga, wenye ndimu na pilipili. Mjomba alikuwa amejiandaa kuwakataa. Ndipo mwenye mgahawa akamwambia kwamba sambaza si wa asili ya Kivu. Walipandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kutoka Ziwa Tanganyika. Uso wa mzee ukafunguka. "Kumbe ni watu wa Kigoma!" Akala sahani mbili, akawasemesha wakiwa sahanini, akawauliza habari za ugenini.

Kigali tena, na hamu ya muziki. Wenye uwezo, hasa wale wa Brussels, huenda BK Arena, ule ukumbi wa watu 10,000 uliofunguliwa mwaka 2019. Sisi tulikwenda baa ya bendi, ya kwetu. Nilimweleza Mjomba mapema kwamba tangu mwaka 2023 kuna utaratibu: siku za kazi baa zinafungwa saa saba usiku, Ijumaa na Jumamosi saa nane. Alihuzunika. Dansi analolijua yeye huanza muda huo na kuisha jogoo akiwika. Akalala kwanza, akaamka saa tano usiku, akapiga pasi suti ya Kaunda.

Ndiyo, ileile. Suruali ilikuwa imefuliwa, ikaanikwa, ikafuliwa tena. Joto la pasi likaamsha kila kitu. Tulipoingia bendi ilikuwa imechangamka na watu wamebanana, lakini Mjomba aliposhika kiwanja nafasi ilipatikana, ya kutosha hata kwa mbwembwe zake za miaka ya sabini. Mpiga gitaa, mzee wa Bukavu, alimwona anavyocheza akampigia wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, kisha mwingine. Mjomba alimtunza kila alichokuwa nacho, pamoja na kalamu.

Usiku ukiwa umenoga kuliko usiku wowote wa kiangazi kile, akaitazama saa yake, akanishika mkono. "Saa nane, mjomba. Twende kabla polisi hawajaja." Kwa mara ya kwanza tangu avuke Rusumo alikuwa anafuata utaratibu, kwa saa ya Mwanza. Ilikuwa saa saba ya Kigali na bendi ina saa nzima mbele yake. Ningeweza kumsahihisha. Miguu ilikuwa inaniuma, nikanyamaza, na tukausikiliza muziki uliobaki kutoka kitandani.

Aliondoka Agosti. Dagaa tuliwagawa mtaani, yule mama wa vitenge akachukua fungu kubwa, na Mwanza nzima sasa inaambiwa kwamba mzee ana kazi ya maigizo Kigali. Wiki jana mke wake amenipigia kuniarifu kwamba kiangazi kijacho anakuja naye kuitazama kazi hiyo. Karibuni nyote, na wewe msomaji pia ukijisikia. Usiku wa Julai huku ni wa baridi, kwa hiyo njoo na sweta. Weka mzigo wako kwenye kikapu au ndoo yenye mfuniko. Na utume ujumbe mapema, kwa sababu kitanda cha wageni ni kimoja na tayari kimewekewa oda.