Kungwi wa Vyombo: Usiolewe na Hadithi

*Shikamoo Kungwi. Kuna duka la vitu vya kale Mji Mkongwe lina kasha la njumu. Muuzaji anasema lina miaka 300 na lilikuwa la mke wa Sultani. Bei yake inatosha mahari ya mabinti wawili. Nimelipenda hadi usingizi umenipaa. Nifanyeje?*
*Mgonjwa wa Kasha, Mbezi*

Marahaba, mwanangu. Maradhi yako yanajulikana, na dawa yake ndiyo ile anayopewa mwari: usiolewe na maneno ya mshenga. Kazi ya mshenga ni kusifu, na muuzaji wa vitu vya kale ni mshenga anayelipwa na upande mmoja. Tuanze na hesabu. Sultani Sayyid Said alihamishia baraza lake Unguja katika karne ya 19, kwa hiyo kasha la miaka 300 limemtangulia huyo mke wa Sultani kwa zaidi ya karne nzima. Tena, kama kila kasha linalouzwa katika mitaa ya Gizenga na Hurumzi lingetoka ikulu, masultani wangekosa pa kulala. Ukweli ni kwamba mengi ya makasha tunayoyaita ya Zanzibar yaliletwa na majahazi ya kaskazi kutoka Bombay na Surat, yakauzwa kwa yeyote aliyekuwa na fedha na nguo za kuhifadhi. Kasha lako basi lina nasaba, lakini ni nasaba ya sokoni. Hilo si aibu. Aibu ni kulipa bei ya ikulu kwa bidhaa ya bandarini.

Hadithi ukishaiweka kando, liache kasha lenyewe liseme. Omba ulitazame chini na mgongoni, mahali ambapo fundi hakutarajia wageni. Kifaa kilichotumika huchakaa panaposhikwa: ukingo wa kifuniko, vipini, miguu. Kikichakaa kila mahali kwa kiasi kilekile, kimechakazwa kwa msasa wiki iliyopita. Kisha tazama skrubu. Zile zinazofunguliwa kwa bisibisi ya nyota zilianza kuenea katika miaka ya 1930, hivyo kasha la enzi za Sultani Barghash, wa karne ya 19, haliwezi kuzaliwa nazo. Utaniambia kwamba huenda fundi alibadilisha bawaba baadaye. Hoja nzuri, na jibu lake limo ndani ya mbao: bawaba ya zamani iking'olewa, huacha matundu ya misumari yake na kivuli cha umbo lake. Ukiviona, hayo ni matengenezo, na matengenezo ni dalili kwamba kuna mtu aliyelijali. Usipoona hata tundu moja la ziada, kasha na skrubu hizo ni mapacha. Hapo usigombe wala usisuse. Kasha jipya lililochongwa vizuri ni halali kabisa kwa kutunzia mashuka, na fedha yake humfikia fundi aliye hai. Lilipie tu kwa umri wake.

*Kungwi, salaam. Mke wangu hapitwi na chombo cha kale. Tuna madele matano na hakuna anywaye kahawa, tuna mirashi mitatu na marashi hatuna. Sasa anataka wageni wa Idi wapikiwe kwa sufuria ya shaba na waandaliwe achari kwenye sahani za mwaka sijui wa ngapi. Nataka talaka, ya sahani.*
*Mume wa Madele, Mombasa*

Bwana, weka karatasi chini kwanza. Kosa la mkeo si kupenda vya kale. Kosa lake ni kuviajiri bila kuvipangia kazi. Kutazamwa nako ni kazi, tena ya heshima: nyumba za kale za Lamu zilijengwa na vidaka ukutani vya kupangia vyombo vya kaure, na pale Kunduchi mabakuli ya Kichina yaliwekwa hata kwenye nguzo za makaburi. Wazee hao walijua kitu ambacho soko la leo limesahau, kwamba kidaka kina ukubwa wake. Kikijaa, kimejaa. Mpe mkeo kabati moja lenye rafu zinazohesabika, na kila dele jipya liingie kwa dele kuukuu kutoka. Utaona jinsi atakavyoanza kuchagua badala ya kuzoa.

Akichagua, ageuze sahani kabla ya kuitazama usoni. Nyuma yake mara nyingi kuna muhuri, na muhuri una tarehe zake. Kiwanda cha Petrus Regout kilianzishwa Maastricht, Uholanzi, mwaka 1836, na vyombo vya mji huo vilifika hadi pwani yetu. Ikiwa muhuri unataja nchi kwa Kiingereza, kwa kawaida sahani ni ya baada ya 1891, kwa sababu sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za kigeni zioneshe zilikotoka. Vyombo hivi vilitoka viwandani kwa wingi. Wingi huo hauondoi uzuri wao, ila unapunguza bei, na hiyo ndiyo habari ambayo mshenga hasemi. Kwa madele atembee na sumaku: shaba haivutwi, chuma kilichopakwa rangi ya shaba huvutwa.

Kuhusu Idi, hapo niko upande wako. Rangi na mng'ao wa vyombo vya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vitu vichachu kama achari, ndimu na ukwaju huyatoa na kuyatia kwenye chakula. Sufuria ya shaba nayo hupikiwa ikiwa imetiwa bati ndani; bati likiisha na wekundu ukionekana, irudi kwa fundi kabla ya kurudi jikoni. Ni kweli kwamba bibi zetu walipikia shaba. Lakini walijua pia siku ya kuipeleka kutiwa bati.

*Shikamoo Kungwi. Nyumba ya babu ina mlango wa nakshi. Kila mwezi huja mtu akasema ni mbao mbovu, kuni tu, ila atanisaidia kuuondoa na kunipa kitu kidogo. Nikubali?*
*Mjukuu, Bagamoyo*

Marahaba, mwanangu. Jiulize kwa nini mtu asafiri kila mwezi kufuata kuni. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, inailinda milango na fremu zilizochongwa kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki kabla ya 1940, kwa hiyo kabla ya kukubali lolote nenda kwanza kwa maofisa wa Mambo ya Kale. Najua kwamba bati la paa halinunuliwi kwa sifa za babu, na mwenye shida hafai kutukanwa. Lakini kizingiti, miimo na mfaa vilipimwa kwa ukuta ule. Vikitoka, utabaki na tundu la kuziba kwa gharama yako, na mlango utakuwa meza ya sebuleni kwa mtu asiyejua hata unafungukia upande gani.

Mgonjwa wa Kasha naye asome barua hii, kwani mshenga wenu ni mmoja. Akija kununua, mlango ni kuni. Akifika dukani, kuni zilezile zimekuwa za mke wa Sultani. Katikati ya safari hiyo mbao hazikubadilika hata unyuzi mmoja.