Mgeni wa Januari

Mtoto wa Kitanzania haibuki shuleni kama jini. Huzaliwa, hupimwa uzito kliniki, huchanjwa surua, na kama alikuwapo mwaka 2022 alihesabiwa kwenye sensa. Halmashauri hupewa takriban miaka sita ya kumsubiri darasa la kwanza, kisha mingine saba (sasa sita) ya kumsubiri sekondari. Hata hivyo, kila Desemba taarifa husema wanafunzi wamezidi matarajio (matarajio ya nani, haielezwi), na mtendaji wa kata hula Krismasi juu ya rundo la matofali.

Serikali tuipe haki yake: mwaka 2021 yalijengwa madarasa 15,000 kwa mpigo, yakiwamo ya vituo shikizi. Fedha zilitoka kwenye mkopo wa IMF wa kukabiliana na Uviko. Kwa hiyo ofisa mipango wetu hodari kuliko wote alikuwa kirusi.

Sasa inakuja 2028. Mtaala ulioanza 2024 umekata mwaka mmoja wa shule ya msingi. Waliokuwa darasa la tatu mwaka ule na waliokuwa la nne wanamaliza pamoja 2027, halafu Januari inayofuata wote wanagonga mlango wa kidato cha kwanza. Tarehe inajulikana. Idadi inajulikana. Majina yamo kwenye madaftari ya mahudhurio, yanaitwa kila asubuhi.

Nabashiri kikao cha dharura wiki ya Krismasi 2027. Posho za wajumbe, tofauti na madawati, zitatosha.