Kamati ya Fidia Sebuleni Kwangu

Baba Neema aliigawa fidia kabla hajafungua boneti. Bati za jiko, ada ya Neema, na kitu kidogo cha mama mkwe wake, ambacho alikitaja kwa sauti ili nisiulize maswali.

Gari lenyewe ni pikapu ya mtumba kutoka Japani, ya kampuni ambayo sitaitaja. Hushuka Mbamba Bay na maharage, hupanda Mbinga na magunia ya usipa. Zile kilomita 66, ambazo zamani wakati wa masika ziliweza kukulaza njiani, siku hizi ni lami tupu. Basi siku moja, katikati ya mlima, taa ya injini ikawaka, gari likaanza kutetemeka na kukosa nguvu. Likafika nyumbani kwa kudura za Mungu, likinuka usipa na petroli.

Mtu mwingine angekwenda gereji. Baba Neema alikwenda kwenye simu, maana wifi yangu anayeishi Uingereza alikuwa amemrushia habari tamu. Mwaka 2015 Volkswagen walibainika kuweka kwenye injini za dizeli programu inayotambua kwamba gari linapimwa. Likiwa kwenye kipimo moshi ni safi, likirudi barabarani linatapika sumu. Magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na ujanja huo. Madereva wapatao 91,000 wa huko kwa wifi wakaungana katika kesi moja, na Mei 2022 kampuni, bila kukiri kosa, ikakubali kulipa pauni milioni 193.

Akachukua kikokotoo. "Mama Neema, ni zaidi ya pauni 2,000 kwa kichwa! Zaidi ya milioni tano za kwetu!"

"Gari letu si la dizeli," nikamwambia.

"Hilo ni la kitaalamu."

Jumamosi sebule ikajaa. Alikuwapo mwalimu mstaafu, ambaye gari lake gia ya tatu huchomoka yenyewe. Alikuwapo mwenye mashine ya kusaga, ambaye redio ya gari lake haijawahi kusema neno ila la Kijapani. Alikuwapo kijana wa bodaboda ambaye hana gari, lakini alisema fursa haina mwenyewe. Wakamchagua Baba Neema kuwa mwenyekiti. Wakakubaliana mchango wa shilingi 20,000 kila mmoja, wa nauli ya Songea na wa kumwona wakili. Mimi nikawa natoa kahawa na mihogo ya kuchemsha, na kwa kuwa Mbinga kahawa haitupigi chenga, kikao nacho hakikuisha.

Sikuwadharau, lakini. Anayenunua gari la mtumba huku kwetu hana wa kumshika shati. Aliyemuuzia yuko Dar es Salaam na hapokei simu, aliyelinunua likiwa jipya yuko Japani, na kiwanda hakijui kama Mbinga ipo. Mtu mmoja akiandika barua, hiyo barua ni ya kufungia maandazi. Wakiandika watu mia wenye shida moja, huenda mtu akavaa miwani.

Wakili wa Songea aliwapokea vizuri. Akawaeleza kwamba hata kwetu jambo hilo lipo: Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Amri ya Kwanza, Kanuni ya 8, inaruhusu mtu mmoja au wachache kushtaki kwa niaba ya wengi, mahakama ikitoa kibali. Baba Neema akaanza kutabasamu.

"Ila lazima wote muwe na maslahi yaleyale katika shauri," wakili akaendelea. "Haya, ubovu wenu ni upi?"

Mwalimu akataja gia. Baba Neema akataja taa. Wakili aliandika mpaka walipofika kwenye redio. Hapo akafunika kalamu. "Mmeshayapeleka kwa fundi?" akauliza. Wakaangaliana kama watoto wa darasa la kwanza.

Kwa hiyo akaitwa fundi umeme wa magari. Hakuhitaji hata kile kimashine chake cha kupimia. Alifungua boneti, akaingiza mkono nyuma ya injini, akatoa kiota: nyuzi za gunia, maganda ya maharage, na vichwa vya usipa vimepangwa kama akiba ya msimu. Nyaya tatu zilikuwa zimetafunwa mpaka shaba inang'aa. Gari lilikuwa linalala uani na mzigo, na Juni ya Mbinga ina baridi. Injini ilikuwa na joto, chakula kilikuwa hatua mbili nyuma. Mimi ningekuwa panya ningehamia.

Nikadhani kesi imekufa. Usiku nikaamshwa na mwanga wa simu.

"Mama Neema! Marekani wameshtaki!"

Na kweli. Mwaka 2016 wenye magari waliishtaki Toyota kule California wakidai kwamba maganda ya nyaya, yanayotengenezwa kwa malighafi ya soya, yanawavuta panya, na kampuni inakataa kuwatengenezea chini ya dhamana. Honda nao wanauza utepe wa kuzungushia nyaya wenye ukali wa pilipili. Asubuhi akampigia wakili, akataka kuwashtaki wenye kiwanda kwa kuwapikia panya. Wakili akauliza kama nyaya zetu ni za soya. Baba Neema akasema anaweza kuonja. Simu ikakatika, sina hakika kama ni mtandao.

Fundi alilipwa kwa pesa ya bati. Magunia ya usipa sasa yanashushwa jioni ileile, hata mvua ikinyesha, na anayeyashusha ni Baba Neema. Wanakamati wanaodai mchango wao wasinifuate tena sokoni. Wamwone mweka hazina. Naye ni huyohuyo mwenyekiti.