Kibao cha Elimu Mbadala Kihamishwe

Kwa Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali,
Zanzibar.

KUH: OMBI LA KUHAMISHWA KIBAO

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mzazi, mkaazi wa Mkunazini, Mji Mkongwe. Barua hii nilitaka kuipitisha kwa sheha, maana kwetu mtoto haandikishwi darasa la kwanza bila ya karatasi ya sheha, seuze fikra za mzazi wake. Sheha akaisoma, akaikunja, akanirejeshea. "Hii ipeleke mwenyewe," akasema. Ndiyo naileta mwenyewe.

Nisikuchoshe. Ombi langu halihitaji mfadhili wala semina ya siku tatu hotelini. Wizara yako ina Idara ya Elimu Mbadala na Watu Wazima, nayo inawashughulikia walioikosa skuli: aliyeacha njiani, aliyeozwa mapema, mtu mzima ambaye kalamu ilimpita. Pale Rahaleo kipo kituo cha kazi hiyo, na ni kazi ya heshima. Ninachoomba ni kibao cha Elimu Mbadala king'olewe kilipo, kikapigiliwe misumari milangoni mwa skuli zetu za kawaida za mjini. Fundi nitamlipa mimi, na chai yake juu.

Sababu ni kwamba walioikosa skuli siku hizi wengi wamo ndani ya skuli, sare zimepigwa pasi.

Mtazame mtoto wa mtaani kwetu, wa darasa la sita, mkondo wa mchana. Saa moja asubuhi yuko chuo cha Kurani na juzuu yake. Saa tatu anapanda ngazi ya mbao ya jirani yangu wa juu, mwalimu mstaafu, kwenda tuisheni. Viatu vimejazana ngazini, watoto kama ishirini wamekaa mkekani, ubao umeegemezwa kabati la vyombo, na kila mmoja amekuja na noti yake ameikunja ndani ya daftari. Mwalimu anaandika sehemu mbili za kujumlisha, anamwita mmoja. Akikosea anarudishwa, akipata anapewa nyengine ngumu zaidi. Nasikia kila kitu, kwani ubao wao uko sawasawa na kitanda changu. Kwa umri huu nimejua upya kutafuta Kigawe Kidogo cha Shirika, tena bila ya kulipa, na hili naomba lisimfikie mwalimu.

Saa sita mtoto anateremka, anaoga, anakula, anavaa sare, anakwenda skuli. Huko skuli anafanya nini? Anaitwa jina. Darasa la mjini lenye watoto mia na ushei si habari mpya kwako; wizara yenyewe imeshasema inakotaka kufika ni watoto 45. Majina mia yakishaitwa, na walioitikia "nipo" kwa niaba ya wenzao wakishakemewa, kipindi kimebakia cha kuandika tarehe. Usiku anafanya kazi za nyumbani, za tuisheni, kwa sababu zile ndizo zitakazosahihishwa.

Simlaumu mwalimu wa skuli hata kidogo. Madaftari mia, ukiyapa dakika mbili mbili tu, ni zaidi ya saa tatu, na hilo ni darasa moja, na anayo mengine. Jioni utamkuta naye anasomesha tuisheni mtaa wa pili: mtu yule yule, chaki ile ile, watoto kumi na tano. Hapo utamwona anatembea kati yao, anainama, anamwambia mtoto, "Hebu nioneshe ulivyofanya." Skuli angeinama wapi, na nafasi ya kupitisha mguu hakuna?

Kwa hiyo kuhudhuria kunafanyika skuli, kusoma kunafanyika kwengine. Haki ni haki: chenye kazi kipewe jina lake.

Najua utanikumbusha tulikotoka, na ni wajibu wako. Kabla ya Mapinduzi, skuli ilitaka kujua kwanza baba yako nani. Kulikuwa na ya Wahindi, ya Maismailia, ya masista, na kila mlango na watu wake. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume akatangaza elimu bila ya malipo, milango ikafunguliwa, na majina yakafutwa. King George VI ikawa Lumumba. Skuli ya masista ikawa Tumekuja. Tukapata Ben Bella, na tukapata Haile Selassie pia, maana ndio kwanza tumemng'oa Sultani, tukaona si vibaya tukiweka Mfalme wa Wahabeshi pale pale mjini, ili watoto wasikose kabisa. Kila mwaka tunaiadhimisha siku hiyo kwa tamasha, na mimi napiga makofi kwa dhati. Bibi yangu hakuingia skuli. Mama yangu aliingia. Hilo silichezei.

Baadaye malipo yakarudi kupitia uani, yakajiita mchango. Dkt. Shein, alipokuwa Rais, akayafuta, kwanza ya msingi, halafu ya sekondari. Tukashukuru tena. Sasa skuli ni bure kabisa. Kinacholipiwa ni kusoma.

Tunaambiwa pia kwamba mzazi wa leo ana uhuru wa kuchagua, kwa kuwa miaka ya 90 skuli za binafsi ziliruhusiwa tena na sasa zimeenea mpaka mashamba. Ni kweli tupu. Naweza kuchagua mkondo wa asubuhi au wa mchana, iwapo nafasi ipo. Naweza kuchagua skuli ya binafsi iliyo chini ya nyumba ya mtu, yenye jina la Kiingereza refu kuliko uwanja wake. Naweza kuichagua ile ya kimataifa yenye bwawa la kuogelea, ambayo nikitajiwa ada ya muhula huomba kiti. Na wakubwa nao wanachagua. Saa moja unusu asubuhi zihesabu gari za serikali zenye namba za SMZ zinazoteremsha watoto, halafu tazama zinawateremshia mlango gani. Siwalaumu. Mpishi akila kwa jirani, wenye njaa tunapata habari za chakula bila ya kuuliza.

Wazee wetu walikuwa na uchaguzi wa namna nyengine. Serikali ya kikoloni ilipofungua skuli zake mashamba, wazee wakaona skuli isiyosomesha Kurani haina maana, wakawaacha watoto chuoni. Hawakuandamana, hawakuandika barua kama hii. Madarasa yakakaa na madawati yake. Mwisho wake serikali ndiyo iliyolegeza: Kurani ikaingizwa kwenye ratiba na walimu wa vyuo wakaingia skuli. Mzazi alikataa, na mkubwa akasogea. Leo mzazi akikataa, anayesogea ni yeye mwenyewe, na mfuko wake.

Nafika kwenye jambo linalonikera zaidi, nalo naomba lisomwe na mtu mwenye moyo mkubwa. Mwaka 1928 Waingereza walikutana Mombasa kuamua Kiswahili gani kisanifishwe kwa Afrika Mashariki nzima. Wakiwa mjini Mombasa kwenyewe, wakakiacha Kimvita cha wenyeji wao, wakachukua Kiunguja. Kwa sababu hiyo mtoto wa Bukoba na wa Kigoma anajifunza leo kwa maneno ya bibi zetu. Dunia nayo imetupa siku, tarehe 7 Julai, tunavaa kanga tunaisherehekea. Halafu ikaja Sera ya Elimu ya 2006, ikaamua kwamba hapa Unguja, kwenye chemchemi yenyewe, mtoto akifika darasa la tano hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza. Matokeo yake nayasikia darini. Mwalimu akimuuliza mtoto, "Tano mara tisa?" jibu linakuja kabla hajafunga mdomo. Akiuliza lile lile kwa Kiingereza, kimya, mpaka unasikia feni. Kisha mtoto wa tatu anapenyeza kwa sauti ndogo, "Anasema tano mara tisa," na chumba kizima kinajibu. Huyo mtoto wa tatu, Mheshimiwa, ndiye anayebeba sera yako, na posho hana.

Sasa twende Kinyasini, Kaskazini. Hapo kipo chuo cha Barefoot, kinachowachukua akina mama wa vijijini, wengine wenye wajukuu, wengi wao skuli waliisikia kwa jirani tu. Wanakaa miezi kadhaa wakifundishwa na wanawake wenzao kufunga na kutengeneza umeme wa jua. Nyaya na vipande wanavijua kwa rangi na kwa mkono. Akirudi kijijini anapanda ngazi, anafunga paneli, anawasha taa kwenye nyumba za watu, na ikizimika anajua kwa nini imezimika. Basi mfikirie mama huyo usiku, chini ya taa aliyoiwasha mwenyewe, na mjukuu wake wa kidato cha pili amekaa pembeni yake anakariri kwa Kiingereza maana ya mkondo wa umeme, akiwa hajawahi kushika waya. Mtihani wa fizikia ukija, atafeli yule anayekwenda skuli.

Na ukitaka kushangaa zaidi, teremka mpaka Bweleo. Tangu 2023 lipo tawi la chuo cha teknolojia cha India, IIT Madras, la mwanzo kufunguliwa nje ya India na vyuo vya IIT, linalosomesha sayansi ya data na akili mnemba. Nalipongeza, si kwa kejeli. Ila kisiwa chenyewe si kikubwa: Kinyasini umeme wa jua, Bweleo akili mnemba, na hapo katikati mtoto anatafsiriwa tano mara tisa.

Mambo mengine tuliyoyaita ya kando yametushinda kwa kazi. Mwaka 1990 mpango wa Madrasa wa Aga Khan, uliokwishaanza Mombasa, ulivuka ukaja kwetu, ukavisaidia vijiji kuanzisha skuli za maandalizi na ukazipa walimu waliofunzwa, vifaa vya kuchezea vya vifuu na vizibo, na kamati za wazazi. Kisha zikaja Tucheze Tujifunze, zile tunazoziita TuTu: redio moja, kivuli cha mwembe, mama wa kijijini aliyejitolea, na watoto wadogo wanaruka wanahesabu kwa Kiswahili wakiifuata sauti ya redioni. Sikiliza kipindi kimoja, kisha tafuta skuli kubwa ambako mtoto wa umri ule anacheka huku anajumlisha. Ukiipata, nionyeshe, nimhamishe wangu.

Sitaki kuwa mnafiki. Skuli za ghorofa za Serikali ya Awamu ya Nane ni nzuri. Nimeingia ndani ya moja: vyoo vinafanya kazi, kuna maktaba, kuna chumba cha kompyuta, na mahali zilipojengwa mikondo imepungua na watoto mia wamegawika. Aliyesema hazina maana hajawahi kusoma akiwa amekaa sakafuni. Lakini mtaani kwetu tuisheni haijapungua. Ingepungua ningejua wa mwanzo, ningelala mpaka saa nne. Mtoto wa ghorofani anateremka ghorofani anapanda ngazi ya mbao ile ile, kwa sababu jengo jipya limepewa ratiba ya zamani, lugha ya zamani na mwalimu aliyechoka tangu zamani.

Basi narudi kwenye kibao. Nafahamu kwamba kukihamisha kunahitaji kamati, na kamati inahitaji kikao, na kikao kinahitaji maji ya chupa. Wakati mambo hayo yanapangwa, naomba uniletee mkaguzi mmoja. Asije skuli, huko mnakwenda kila mara na madaftari hupangwa siku ile. Aje kwetu Mkunazini, siku ya wiki, saa tatu asubuhi. Avue viatu ngazini na wenzake, ajipatie pembe ya mkeka. Kabla hajakaa atakuwa ameshaona makosa ya Sheria ya Elimu ya 1982 yasiyopungua kumi: skuli haikusajiliwa, haina uwanja, choo ni cha mwenye nyumba, na mwalimu mkuu amevaa saruni. Ayaandike yote, ni kazi yake. Kisha amchague mtoto yeyote, ampe chaki, amwambie afanye hesabu ubaoni. Saa saba mchana amfuate mtoto huyo huyo mpaka skuli, waingie pamoja darasani, ampe chaki tena na hesabu ile ile, lakini kwa lugha iliyoandikwa kwenye sera.

Ripoti yake usiitangaze. Nitumie mimi nakala moja tu, ili nijue sare ya mwakani ninunue ya nini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi wa Mkunazini