Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: wanaoishi chini ya mabwawa waambiwe

Mheshimiwa Waziri wa Maji, Jamhuri ya Kenya,

Niwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Ninaloliomba ni la wengi, nikaona nao walisikie.

Mheshimiwa, usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel lilipasuka huko Solai, kaunti ya Nakuru. Watu zaidi ya 40 walikufa, watoto wakiwemo. Aprili 2024, maji yaliposomba watu Mai Mahiu, habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye tukaelezwa kwamba ni kalvati iliyoziba chini ya reli. Siku chache baada ya hapo, serikali iliwaamuru wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 wahame ndani ya saa 24. Naishukuru kwa dhati kwa tahadhari ile. Ila, kwa ruhusa yako, nauliza: kati ya hayo 178, lipi lilikuwa na ufa, lipi lilijaa mashapo, lipi halikuwa na hatari yoyote? Aliyefunga virago vyake alistahili kujua.

Njia za kulijibu swali hilo zipo, na nyingine hazidai hata shilingi. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-1 hutumia rada, hivyo huyaona maji hata mawingu ya masika yakiwa yametanda. Mwenzake, Sentinel-2, hupiga picha zenye vipande vya mita 10 kwa 10. Bwawa la hekta moja hujaza vipande 100. Picha hizo ni za bure kwa yeyote, na hapa hapa nchini, Kasarani jijini Nairobi, tuna RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani za rasilimali kilichoanzishwa mwaka 1975 kwa kazi za namna hii. Hata lambo lililo katikati ya shamba la mtu binafsi, nyuma ya ua na geti, laweza kuingia kwenye daftari la serikali.

Pamoja na hayo, nakusihi usikubali kuambiwa kwamba setilaiti inatosha. Inaona uso wa maji, haioni tope lililo chini. Bwawa la Masinga, lililoanza kazi mwaka 1981, hupokea udongo wa miteremko ya Tana ya juu kila msimu, na ujazo wake halisi haujulikani mpaka mashua ipite juu yake na chombo cha kupima kina kwa mawimbi ya sauti. Na tuta la udongo linahitaji mtu wa kulitembelea kwa miguu. Huyo ndiye atakayeona nyasi mbichi zikiota chini ya tuta wakati wa kiangazi, ajue maji yanapenya. Maji yanayovuja yakiwa safi, yafuatiliwe na kupimwa. Yakianza kutoka na tope, tuta linaliwa kwa ndani, na hapo hakuna muda wa kuandikiana barua. Mtu huyo, Mheshimiwa, ndiye ninayemwombea mshahara, pikipiki na mamlaka ya kupita kila geti.

Basi, kwa hisani yako, naomba daftari la mabwawa yote, ya umma na ya watu binafsi, liwe wazi kwa kila Mkenya: hali ya ukuta, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, kina kilichopimwa, na vijiji vilivyo kwenye njia ya maji. Chifu asome sehemu ya kijiji chake barazani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali. Nakuomba usomaji wa kwanza ufanyike kabla ya masika yajayo, na uanzie Solai.

Wako mtiifu,
Mwananchi wa Nakuru