Jinsi ya Kujua Unakanyaga Jina la Nani

Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, beba maji, uanzie Kariakoo, Dar es Salaam. Usianzie Posta. Majina ya Posta ni ya wakubwa, na wakubwa wana watu wa kuwasemea: hata mtoto wa shule atakuambia Samora Machel alikuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, na kwamba Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Kazi iko Kariakoo.

Ukifika Mtaa wa Mahiwa simama pembeni kabisa, kwa sababu mkokoteni hauna breki. Muulize yeyote anayepanga mzigo wake, "Mahiwa ni nani?" Atakujibu kuwa ni mtaa, na bei ya jumla anaanzia dazeni. Nunua kitu kwake, kisha umwambie wewe. Mahiwa ni mahali huko Lindi, na Oktoba 1917 Wajerumani na Waingereza walipigana hapo siku nne mfululizo, katika mojawapo ya mapigano yaliyoua watu wengi zaidi katika Vita ya Kwanza ya Dunia huku Afrika Mashariki. Waliorushiana risasi wengi wao walikuwa Waafrika: Wanaijeria na askari wa KAR (King's African Rifles) upande wa Waingereza, askari wa hapa hapa kwetu upande wa Wajerumani. Sasa tafuta Mtaa wa Narung'ombe na Mtaa wa Tandamuti. Hayo nayo ni majina ya mahali palipopiganwa mwaka huo huo. Ukiipita mitaa hii kwa mpangilio wa Narung'ombe, Tandamuti, Mahiwa, umeipita Julai, Agosti na Oktoba ya 1917 huku umebeba mfuko wa vitenge.

Hapo utulie kidogo. Kariakoo yenyewe imepewa jina la kikosi cha wapagazi waliopiga kambi hapa, watu waliobeba unga, risasi na majeruhi kwa vichwa na mabega. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kufika 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Kikosi kilipata jina. Mpagazi mmoja mmoja hakupata, na mimi jambo hili linaniuma kila nipitapo sokoni.

Kanuni inayofuata ni ya adabu. Ukitaka mzee wa Kariakoo akusogezee kiti barazani, toa shikamoo, kisha uulize habari za Mtaa wa Kipata. Ukisema Kleist Sykes atakuonyesha kwa kidole na kuendelea na kahawa yake. Ukisema Kipata atajua umekuja kusikiliza. Mtaa ni ule ule. Kleist Sykes alizaliwa 1894 na kufariki 1949, na ni miongoni mwa walioasisi African Association mwaka 1929. Baba yake, Sykes Mbuwane, aliletwa kutoka Msumbiji katika jeshi la Hermann von Wissmann, lililokuja kuizima vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Wajukuu wa askari huyo, Abdulwahid na Ally, walikuwemo katika kukiasisi chama cha TANU mwaka 1954. Babu aliletwa kumsaidia mkoloni kuingia, wajukuu wakasaidia kumtoa. Na sanamu ya Wissmann ilisimama pale pale ilipo leo Sanamu ya Askari, iliyowekwa 1927. Mji huu husahihisha maandishi yake, ila pole pole.

Barabara ya Bibi Titi Mohamed ipite kwa miguu, si kwa gari. Mama huyu aliwaingiza wanawake katika TANU kwa maelfu, baadaye akahukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini, akaachiwa 1972. Sasa jina lake linabeba magari mchana kutwa katikati ya jiji. Ilivyostahili.

Ukichoka, panda daladala ya Mtoni na umsikilize konda anavyoita "Kwa Azizi Ali!" Abiria wanashuka kila siku kwa mtu wasiyemjua. Mwambie jirani yako kwamba Aziz Ali ni baba wa Dossa Aziz, yule aliyempa Nyerere gari la kufanyia kazi za TANU.

Mwisho rudi mtaani kwako. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 huenda nawe una kibao kwenye kona, na waliopendekeza jina lililoandikwa pale bado wako hai. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uliza jina limetoka wapi na nani alilitaja kwanza. Andika majibu kwenye daftari, weka tarehe, mwachie mwenyekiti nakala moja, nyingine uwape watoto wako. Fanya wiki hii, wazee wakiwa bado barazani.